Radiografia au tiba ya upumuaji katika chuo cha jamii: nianzie wapi?

Mkaazi wa Ohio
Habari zenu, ndugu zangu. Naishi Columbus, Marekani, nikiwa na ukaazi wa kudumu, na usiku nahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Nina cheti cha kidato cha nne kutoka Kenya. Chuo cha jamii kimenipokea, na nimeambiwa kwamba radiografia (kupiga picha za eksirei) au tiba ya upumuaji huchukua miaka 2 tu. Je, nitaweza kusoma bila kuacha kazi, na karo nitaipata wapi?

Mpiga Eksirei
Hongera, ila kupokelewa chuoni si kupokelewa katika programu yenyewe. Nafasi huwa chache kwa sababu kila mwanafunzi lazima atafutiwe hospitali ya kufanyia mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo utamaliza kwanza anatomia, fiziolojia, hisabati na Kiingereza, kisha alama zako zishindanishwe na za wenzako. Ile miaka 2 huanza kuhesabiwa hapo. Kabla ya kulipa chochote, uliza kama programu ina ithibati ya chombo kinachokagua ubora: kwa radiografia tafuta JRCERT, kwa upumuaji CoARC. Tangu 2015, ARRT, bodi inayotoa vyeti vya wapiga eksirei, haimruhusu mtu kufanya mtihani wake wa kwanza bila shahada, angalau ile ya miaka 2, kwa hiyo jihadhari na wanaouza vyeti vya haraka.

Zamu ya Asubuhi
Mimi ni wa upumuaji. Masomo ya darasani utayamudu. Kinachogongana na kazi ya usiku ni mafunzo ya hospitalini, ambayo mara nyingi huanza alfajiri wakati wa kupokezana zamu. Unasikiliza taarifa ya kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, na baadaye unatakiwa kupapasa mshipa wa ateri kwenye kifundo cha mkono na kutoa damu ya kupima gesi, mwalimu akikutazama vidole. Sikushauri kuyafanya hayo bila kulala. Mafunzo hayo kwa kawaida hayalipwi, jambo ambalo binafsi naliona ni dhuluma. Ukihitimu utafanya mtihani wa NBRC, bodi ya vyeti vya tiba ya upumuaji: alama ya chini ya kufaulu hukupa CRT, cheti cha ngazi ya kwanza, na ya juu hukufungulia mtihani wa pili wa kupata RRT, cheti cha ngazi ya juu, ambacho ndicho waajiri wengi wanakitaka.

Mama Wawili
Kuhusu karo, jaza mapema FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu na mkimbizi wanaruhusiwa, ila mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi. Ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25, kulingana na hali ya familia. Tenga pia fedha za sare, chanjo na uchunguzi wa rekodi za uhalifu.

Mkaazi wa Ohio
Nashukuruni sana. Basi niache kazi lini?

Zamu ya Asubuhi
Usiiache sasa. Masomo ya awali mengi hufundishwa jioni au mtandaoni. Chukua anatomia peke yake muhula huu, kisha uombe zamu za wikendi programu itakapokuita.