Je, USS Vestal ilistahili kuuzwa kama chuma chakavu?

Mkale wa Bandari: Vestal, meli ya jeshi la majini la Marekani, ilijengwa kubeba makaa ya mawe, ikageuzwa meli ya karakana mwaka 1913, na asubuhi ya Desemba 7, 1941 ilikuwa imefungwa ubavuni mwa manowari Arizona huko Pearl Harbor, Hawaii, Wajapani waliposhambulia. Ilipigwa mabomu mawili, ikapandishwa mchangani Aiea isizame. Arizona imejengewa kumbukumbu juu ya mabaki yake. Vestal iliuzwa mwaka 1950, ikakatwakatwa. Je, ilikuwa haki?

Msomaji wa Tanga: Ilikuwa haki. Tusichanganye manowari na gereji inayoelea.

Fundi Mchomeleaji: "Gereji inayoelea"? Nimechomelea mabamba ya meli kwa miaka 19, na najua dharau hiyo inakotoka. Enterprise, meli ya kubeba ndege za kivita, ilipojeruhiwa kwenye mapigano ya Santa Cruz katika Pasifiki mwezi Oktoba 1942, ilikimbilia bandari ya Nouméa, na ilipoondoka Novemba 11 kurudi vitani kwenye kisiwa cha Guadalcanal, mafundi wa Vestal walikuwa bado ndani wakichomelea, kwa kuwa adui hakuwa na subira. Bila gereji hiyo, manowari yako ingepigana na nani?

Msomaji wa Tanga: Sikukusudia kukukwaza, Fundi. Nasema tu kwamba heshima ilishatolewa: Kamanda Cassin Young, nahodha wa Vestal, alirushwa majini na mlipuko wa Arizona, akaogelea hadi melini, akatengua amri ya kuiacha meli, na akatunukiwa nishani ya juu kuliko zote.

Bi Mwanahawa: Na baharia wa Vestal, Joe George, je? Alirusha kamba kwa watu sita walionaswa na moto kwenye mnara wa Arizona, nao, ngozi zikiwa zimeungua, wakavuka wakining'inia mkono kwa mkono juu ya mafuta yanayowaka. Nadhani yeye naye alitunukiwa vita vilipokwisha.

Mkale wa Bandari: Hapana, Bi Mwanahawa. Alitunukiwa mwaka 2017, naye alifariki 1996.

Msomaji wa Tanga: Kwa sababu aliambiwa aikate kamba hiyo, akakaidi. Vestal iliyokuwa ikiungua ilipaswa kujinasua, na jeshi haliwezi kumvisha nishani kila mkaidi aliyebahatika.

Fundi Mchomeleaji: Meli haizuiwi na kamba ya kutupia, ndugu yangu, inazuiwa na amari, kamba nene ya kuifungia. Ile ya kutupia ni nyembamba kama kidole, hutangulia ili kuivuta iliyo nene, na hata hiyo nene hukatwa kwa shoka kwa pigo moja au mawili. Kilichokuwa kizito pale ni wale sita. Isitoshe, Young naye alitengua amri. Tofauti yao ilikuwa cheo.

Msomaji wa Tanga: Cheo ndicho jeshi lenyewe.

Mkale wa Bandari: Ndugu zangu, niliuliza kama Vestal ingehifadhiwa.

Fundi Mchomeleaji: Nitalijibu hilo, neno "gereji" likishafutwa.