Maktaba ya mtandaoni ninayo, wasichana bado hawashiki mausi. Nianze na nini?

MwlWaMasasi:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kompyuta Kidato cha Kwanza huku Masasi. Wanafunzi 54, kompyuta 13, mbili kati ya hizo zinawaka zikipenda. Intaneti ya shule ni bando langu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilikaa Mtwara mjini kwa shemeji mwenye waifai, nikapakua kila nilichoona cha maana: Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti, na masomo yake, Scratch ile isiyohitaji intaneti, ya kujifunza kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya rangi, na karatasi za CS Unplugged, zile shughuli za Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, za kufundisha kompyuta bila kompyuta. Kolibri nimeiweka kwenye laptopu chakavu iliyounganishwa na ruta ya zamani, wanafunzi wanaisoma maabara hata bando likiisha.

Nilidhani vitu vikiwepo kila mtu atapata. Ijumaa moja, kipindi cha kujifanyia wenyewe, nikasimama mlangoni nikahesabu. Mausi 13, wavulana wameshika 12. Ya kumi na tatu kaishika binti ambaye kwao kuna laptopu. Wengine wamekaa pembeni na madaftari, wananakili kilichopo kwenye skrini kama wanaandikishwa imla. Nikamuuliza mmoja mbona hushiki, akasema, "Mwalimu, nitaharibu."

Sasa ndani ya maktaba yote hii nianze na nini ili hawa waingie, pamoja na wale waliotoka shule za vijijini ambao Kiingereza kinawapiga chenga? Msiniambie niwahamasishe. Nimeshawahamasisha mpaka sauti imekauka.

Bi_Algoriti:
Mwalimu, hongera kwa kuhesabu, wengi hawahesabu. Mimi leo naandika programu kwa mshahara hapa Mwanza, ila nilikuwa huyo wa daftari. Mwaka mzima nilijua kuandika programu kwenye karatasi tu.

Funga Scratch wiki mbili. Anza na CS Unplugged, na si kwa sababu kompyuta ni chache. Ni kwa sababu hakuna mvulana wako aliyewahi kuuona mchezo ule kwa binamu yake. Hapo wote ni wageni.

Kuna ule wa mtandao wa kupanga. Chora uwanjani kwa chokaa maduara na mistari ya kuyaunganisha: watoto sita wanaanzia upande mmoja, kila mtu na kadi ya namba. Wakikutana wawili kwenye duara wanalinganisha, mwenye namba ndogo anashika njia ya kushoto, mwenye kubwa ya kulia. Wakifika mwisho wamejipanga kuanzia ndogo mpaka kubwa. Utamu wake ni kwamba mjuaji hawezi kuucheza peke yake. Akikimbia, atafika kwenye duara amsubiri mwenzake.

Kisha kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Kila mtoto aonyeshe tarehe aliyozaliwa kwa kufunua na kufunika kadi. Kadi zote zikifunuliwa unapata 31, kwa hiyo hakuna tarehe inayokosa.

Mzee_wa_Seva:
Vijana, uwanjani mtacheza, lakini mtihani unakuja kwa Kiingereza na unauliza kibodi ina sehemu ngapi. Msiwapoteze watoto wa watu.

Nina moja tu la kuongeza, maana nimefundisha miaka mingi kabla ya kustaafu. Kila kompyuta weka dereva na utingo. Dereva anashika kibodi na mausi, mdomo kafunga. Utingo haruhusiwi kugusa kitu, kazi yake kuangalia njia na kumwambia dereva pa kukata kona. Dakika saba, piga kengele, wabadilishane. Bila kengele hawabadilishani, nakwambia. Atasema "ngoja nimalizie hapa" mpaka jua lizame.

Ticha_wa_Kilifi:
Mzee, hiyo ya utingo nimeipenda, kesho naiiba.

Kuhusu mtihani: Scratch ina Kiswahili. Juu kushoto kuna alama ya dunia (matoleo mapya imo ndani ya Settings), ukiibonyeza unachagua lugha. Programu inabaki ileile, vipande vinabaki na rangi na umbo lake, maneno tu ndiyo yanageuka. Mimi huku Kilifi wanajenga kwa Kiswahili, wakimaliza nageuza Kiingereza wasome kazi yao wenyewe. Hapo msamiati unaingia bila fimbo.

Jingine. Kuna chuo Marekani, Harvey Mudd. Kwenye 2006 hivi, wanawake waliosomea kompyuta pale walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Miaka michache baadaye wakawa kama wanne kati ya kumi. Waliacha lugha ya programu ya Java wakaanza na nyingine, Python, na darasa la kwanza wakaligawa: waliowahi kuandika programu darasa lao, ambao hawajawahi lao. Na yule anayejibu kila swali, mhadhiri alimvuta kando akamwambia kwa upole maswali yake wayazungumze wawili baada ya kipindi. Nawe wale kumi na wawili wako wape kipindi chao.

MwlWaMasasi (wiki tatu baadaye):
Nimerudi. Mzee wa Seva, shikamoo.

Mtandao tulichora chini ya mwembe. Mara ya kwanza wakafika mwisho, 4 kasimama mbele ya 3. Wajuaji wakasema mchezo mbovu. Yule wa "nitaharibu" akarudi nyuma duara kwa duara, akiwauliza wenzake "wewe ulitokea wapi?", mpaka akafika pale nilipochora mstari mmoja kwenda duara silo. Kosa langu mimi! Nikawaambia mlichokiona kinaitwa kudibagi, na watu wanalipwa kwa kazi hiyo.

Wiki iliyofuata Scratch ya Kiswahili, dereva na utingo. Mfano wa kwenye maktaba ulikuwa kuuza juisi ya limao, nikautupa. Nikaleta stakabadhi ya korosho: kilo mara bei, toa makato ya chama cha msingi. Wavulana wakaandika kilo mara bei wakanyanyua mikono, wamemaliza. Binti huyohuyo akasema, "Bado, hiyo hela haifiki nyumbani." Kumbe yeye ndiye anayemsomea bibi yake karatasi za ghalani.

Juzi Ijumaa nikasimama mlangoni tena, bila kengele, bila kupanga mtu. Wavulana 8, wasichana 5. Mjuaji mmoja kaninunia, anasema nimempunguzia kompyuta. Nimempa kazi ya kufungua akaunti za Kolibri, lakini bado hajanisamehe.

Bi_Algoriti:
Hiyo programu ya korosho ipandishe hapa, huku nataka kuigeuza ya pamba.

MwlWaMasasi:
Jumamosi, bando likiruhusu. Ni kazi ya wasichana wawili, nimewaomba ruhusa wamekubali. Ila mmoja anasema tusubiri kwanza amwondoe yule paka anayekuja na Scratch, aweke mbuzi.