Lisbon kwa siku tatu: nianzie wapi nikitaka historia ya mji, si picha tu?

Chumvi_ya_Pwani:

Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu nitakuwa Lisbon, Jumamosi hadi Jumatatu, malazi karibu na Rossio. Sitafuti fukwe wala vitobosha. Nataka nikitoka pale niwe nimeelewa mji ulivyokua: enzi ya Waislamu, safari za Bahari ya Hindi, tetemeko la 1755, udikteta. Orodha zote za mtandaoni zinanipeleka Belém, kitongoji cha magharibi mwa mji, asubuhi ya kwanza. Ndivyo inavyofaa? Pili, kuna chochote kule kinachotuhusu moja kwa moja sisi watu wa pwani, ukiacha kaburi la Vasco da Gama? Tatu, naambiwa Jumatatu makumbusho yamefungwa. Natanguliza shukrani.

Mpima_Ramani:

Mkuu, usianze Belém. Belém ni upande ambao tetemeko halikuuumiza sana. Ukianzia kule utadhani Lisbon yote ilikuwa ya mawe yaliyochongwa namna ile, halafu ukirudi katikati ya mji hutaelewa kwa nini mitaa imenyooka kama imepigwa rula.

Jumamosi asubuhi panda metro hadi Campo Grande, uingie Museu de Lisboa, tawi la Palácio Pimenta. Mle mna mfano mkubwa wa mji ulivyokuwa kabla ya 1755. Usiupite tu. Tafuta kasri la mfalme la Ribeira ukingoni mwa mto, hospitali kubwa ya Todos os Santos pale Rossio, na vichochoro vilivyosongamana kati ya hapo na kasri. Hakuna kati ya hivyo utakachokikuta leo. Ukishavikariri, rudi katikati ya mji ukasimame Praça do Comércio. Wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa kasri, ingawa kasri halipo.

Tetemeko lilipiga tarehe 1 Novemba 1755, kama saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yalikuwa yamejaa na mishumaa ilikuwa inawaka, ndiyo maana moto ulizuka sehemu nyingi kwa wakati mmoja ukaendelea kwa siku kadhaa. Waliokimbilia ukingoni mwa mto kukwepa majengo walikutwa na mawimbi ya tsunami muda mfupi baadaye. Pamoja na kasri iliteketea Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi, na makaratasi yake. Anayefuatilia historia ya pwani yetu akikuta pengo kwenye hati za Kireno, sababu mojawapo ni asubuhi ile.

Sasa ingia Baixa, mitaa iliyojengwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Usiangalie maduka, angalia juu. Kuta zinazotenganisha nyumba zimepanda kupita mapaa ili moto usiruke kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ndani ya kuta kuna fremu ya mbao yenye mihimili iliyopishana kwa umbo la X, inaitwa *gaiola*. Kazi yake ni kuyumba na kurudi bila kuvunjika, hata kama plasta na mawe yanaanguka. Ardhi ya pale ni udongo laini wenye maji, kwa hiyo msingi umekaa juu ya nguzo za msonobari zilizopigiliwa chini. Nguzo hizo zinakaa salama maadamu zimelowa. Maji ya ardhini yakishuka, hewa ikiingia, zinaoza. Ndiyo hofu ya wahandisi kila panapochimbwa maegesho ya chini au njia ya metro.

Pa kuziona kwa macho ni Núcleo Arqueológico da Rua dos Correeiros, chini ya jengo la benki. Ni bure, unaingia na kiongozi, na ni lazima uweke miadi. Utaona pia matangi ya Warumi ya kutia samaki chumvi, maana kiwanda cha samaki kilikuwa papo hapo. Kwa mtu mwenye siku tatu, naona panafaa kuliko ngome ya São Jorge iliyo kilimani. Ngome unayoiona kwenye kadi za posta ilitengenezwa sana kati ya 1938 na 1940, na minara mingi ni ya ukarabati ule.

Binti_Kisiwani:

Kaka Mpima_Ramani, kuhusu kuta nakubali, ila umeiacha sehemu inayofaa zaidi ndani ya ngome: eneo la uchimbaji upande wa mashariki. Pale kuna misingi ya nyumba za mtaa wa Waislamu wa karne ya 11, kabla Wakristo hawajauteka mji mwaka 1147. Aliyezoea magofu ya Gedi au Songo Mnara ataitambua akili ya ramani: mlango haukuingizi sebuleni moja kwa moja, na vyumba vinazunguka ua wa ndani. Tiketi ni ya ngome nzima, na watu wengi wanaishia kwenye kuta kupiga picha bila kufika huko.

Chumvi_ya_Pwani, swali lako la pili lina jibu, na jibu ni zito kuliko kaburi. Nenda Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, uulize *Custódia de Belém*. Ni monstransi, kile chombo cha Kikatoliki cha kuoneshea Ekaristi. Urefu wake ni kama sentimita 73, dhahabu na rangi za vioo vilivyoyeyushwa, na kazi yake inahesabiwa kuwa ya fundi dhahabu Gil Vicente. Dhahabu yake ni ya Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama, safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa na kumtisha Amiri Ibrahim kwamba mji utachomwa asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi. Kiasi kinachotajwa ni mithkali (kipimo cha uzito) 1,500 za dhahabu kwa mwaka. Dhahabu yenyewe ilikuwa inapanda kutoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ambako Kilwa ilikuwa na mkono wa biashara. Da Gama alirudi nayo Lisbon 1503, Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe monstransi kwa ajili ya monasteri ya Jerónimos kule Belém, ikamalizika 1506. Kulipa hakukuinusuru Kilwa: Julai 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliivamia, na Agosti kikaiteketeza Mombasa.

Ukifika mbele ya kioo, wengi wanatazama juu, kwenye mitume 12 waliopiga magoti na njiwa mweupe aliyening'inia juu yao. Wewe inama. Ukingoni mwa kitako kuna maandishi yanayozunguka, kwa rangi nyeupe, na ndani yake limo neno QVILVA. Ndiyo Kilwa, imeandikwa kwenye chombo chenyewe pamoja na habari kwamba dhahabu ni ya kodi. Hakuna haja ya kubishana na mtu, mfalme alikiri mwenyewe kwa herufi kubwa. Kisha angalia ndege, konokono na maua madogo kwenye kitako, na tufe za nyota kwenye shina, nembo ya Manuel utakayoikuta pia kwenye mawe ya Belém.

Cha pili kiko Museu de Marinha, ubavuni mwa monasteri ya Jerónimos: sanamu ya mbao ya Malaika Rafaeli iliyosafiri na msafara wa kwanza wa da Gama, wa 1497. Merikebu iliyobeba jina hilo, São Rafael, haikurudi. Januari 1499 mabaharia walikuwa wamepungua mno kwa maradhi hata hawakutosha merikebu tatu, ikachomwa moto kwenye miamba ya pwani, upande wa Tanga ya leo. Sanamu iliokolewa.

Kondakta_28:

Mimi nazungumzia tiketi na usafiri, maana hapo ndipo watu wanapoteza nusu siku.

Kadi ya usafiri inaitwa Navegante, unainunua kwenye mashine za metro kwa senti 50. Kila mtu na yake, huwezi kugonga mara mbili kwa ajili ya mwenzio. Kosa la kawaida ni kuitia tiketi ya saa 24 huku bado ina salio la *zapping*, yaani pesa ulizoweka zikatwe kila safari. Mashine inakataa, na foleni nyuma yako inaanza kuguna. Chagua aina moja uishi nayo.

Kwenda Belém watu wote wanapanda tramu 15E, ndiyo maana imejaa na ndimo wezi wa mifukoni wanamofanyia kazi. Treni kutoka Cais do Sodré inachukua kama dakika saba. Angalia ubao kwanza: treni za haraka za Cascais hazisimami Belém, utajikuta umeshapita. Janelas Verdes iko kati ya mji na Belém, kwa hiyo iunge siku hiyohiyo. Basi 714 kutoka Praça da Figueira linapita mlangoni. Ukiwa kwenye 15E, shuka Cais da Rocha upande ngazi.

Pale Jerónimos kuna foleni mbili na hakuna anayekuambia. Moja ni ya ua wa ndani wenye nguzo, hiyo ni ya tiketi ya muda maalumu, inunue mtandaoni kabla. Nyingine ni ya kanisa, ambalo kuingia ni bure. Makaburi yako kanisani, mara tu unapoingia: Vasco da Gama kushoto, mshairi Camões kulia. Kwa hiyo kama shida yako ni kaburi, usilipie ua. Jumapili asubuhi kuna misa, watalii wanazuiwa, panga mchana. Lisboa Card, kadi ya watalii, inakulipia ua na usafiri, lakini haikuondolei foleni.

La muhimu kuliko yote: tangu 2025 makumbusho na minara ya serikali inafungwa kwa zamu kwa ukarabati. Torre de Belém ilifungwa mwaka huo, na Arte Antiga nayo imo kwenye mpango wa ukarabati. Fungua tovuti ya kila sehemu wiki moja kabla ya kukata tiketi. Usiamini ramani ya simu inayosema "pamefunguliwa".

Mwenye makazi Ureno anaingia bure siku 52 kwa mwaka kwenye makumbusho ya taifa, akionesha kitambulisho. Nawaambia walioko kule kwa masomo, wengi hawaitumii.

Chumvi_ya_Pwani:

Nimeshiba. Hiyo Kilwa sikuijua kabisa. Basi Jumamosi mfano wa mji na Baixa, Jumapili Arte Antiga kisha Belém mchana. Jumatatu je? Na lile jiwe kubwa la mabaharia ukingoni mwa mto ni la lini, karne ya 16?

Mpima_Ramani:

La hasha, mkuu. Padrão dos Descobrimentos ni la 1960, zege lililovikwa mawe. La kwanza lilisimamishwa 1940 kwa vifaa vya muda, kwa ajili ya maonesho makubwa ya utawala wa dikteta Salazar, likabomolewa. Lisome kama hati ya karne ya 20, hapo litakuwa na faida. Ukitoka hapo pita Jardim Botânico Tropical, karibu na monasteri. Bustani ile ndiyo ilikuwa sehemu ya makoloni kwenye maonesho yaleyale, na watu walioletwa kutoka makoloni waliwekwa humo watazamwe. Sanamu za vichwa vya Waafrika na Waasia za wakati huo bado zimo.

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu kweli, ila una bahati: magofu ya Carmo hufungwa Jumapili, si Jumatatu. Ni kanisa lililoachwa bila paa tangu 1755, makusudi yakabaki hivyo, na ndani kuna makumbusho ya akiolojia. Kupanda usitegemee lifti ya Santa Justa. Ingia kituo cha metro Baixa-Chiado upande wa Rua do Crucifixo, ngazi za umeme zinakutoa juu Chiado bila kugonga kadi, kisha tembea dakika tano.

Uwanja ulio mbele ya magofu, Largo do Carmo, ndipo Marcelo Caetano, waziri mkuu aliyemrithi Salazar, alipojifungia kwenye kambi ya polisi tarehe 25 Aprili 1974, Kapteni Salgueiro Maia wa jeshi lililoasi akaizingira kwa magari ya kivita mpaka Caetano akasalimu amri. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hapo hadithi inaungana na Dar es Salaam, ilikoundwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, 1962. Wanajeshi waliopindua serikali walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975. Jela ya wafungwa wa kisiasa, Aljube, sasa ni makumbusho, ila Jumatatu imefungwa. Isogeze Jumamosi jioni, iko karibu na kanisa kuu, au uiache.

Binti_Kisiwani:

Nyongeza kwa Jumatatu, bure kabisa: kanisa la São Domingos, hatua chache kutoka Rossio unapolala. Nguzo zake zimepasuka na kubabuka kwa moto wa 1959, hazikufichwa. Nje kuna mnara wa kuwakumbuka Wayahudi waliolazimishwa Ukristo kisha wakachinjwa Aprili 1506, mwaka uleule monstransi ya Kilwa ilipokamilika. Kanisani humo ndimo Waafrika wa Lisbon, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na chama chao cha Mama wa Rozari. Uwanjani sasa utawakuta watu wa Guinea-Bissau wakiuza korosho na bizari.

Kutoka hapo shuka mpaka Rua do Poço dos Negros, kama dakika 20 kwa miguu. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, zilizokuwa zinaachwa hovyo nje ya mji. Usitegemee jengo la makumbusho, kuna kibao cha jina la mtaa na migahawa. Vaa viatu visivyoteleza, yale mawe meupe ya barabarani yakilowa ni hatari, na mwezi wa tatu mvua bado ipo.