Mrejesho: ankara za ghala la Changamwe sasa zinafika kwenye mfumo wa hesabu
Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini ankara za ghala letu la Changamwe zinapotea au kuingia mara mbili kwenye mfumo wa hesabu mtandao ukikatika. Nimefuata ushauri wa kuweka katikati foleni ya ActiveMQ (programu inayotunza ujumbe hadi upokelewe), na Apache Camel (programu ya kuunganisha mifumo) ikumbuke namba za ankara zilizokwisha kupita. Marudio yamekwisha. Ujumbe wenye ankara ukigoma, ActiveMQ kwa kawaida huurudia mara 6, kisha huuweka ActiveMQ.DLQ, yaani foleni ya ujumbe ulioshindikana. Humo ndimo nilimoona ankara zote zilizokwama zimeanza tarehe kwa mwezi, mtindo wa Kimarekani. Foleni hiyo ichungulieni kila asubuhi, jamani! Mishahara bado: programu yake ya zamani inapokea faili la CSV (jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) tu, tunalipakia kwa mkono.