Simu imekunywa maji ya bahari: chaji sistimu ya 800, bodi ya 4,500, au ninunue nyingine?

Mama Mahamri, Majengo
Salaam aleikum wenzangu. Jumapili tuliwapeleka watoto ufuo wa Pirates, hapa Mombasa. Nilisimama kwenye maji ya magotini tu, nimemshika mkono mdogo wao, simu iko mfukoni mwa dera. Likaja wimbi moja la kiherehere likanipiga hadi kiunoni. Simu niliizima papo hapo, nikaifuta, na nyumbani nikaizika kwenye mchele siku mbili. Ilipowaka nikashukuru Mungu. Siku mbili baadaye ikaanza vitimbi: alama ya chaji yaja na kuondoka, ikashuka hadi asilimia 6, ikazima. Sasa ukiichomeka haina habari.

Jana nimezunguka nayo mjini. Fundi wa hapa mtaani hakuifungua hata. Kamulika tundu, kasema ni chaji sistimu, yaani kile kibao kidogo chenye tundu la chaji, 800 pamoja na kazi, nisubiri nusu saa. Fundi wa pili, Moi Avenue ghorofani, mwenye mikroskopu, ataka 4,500 aitoe bodi, ule ubao mkuu wa simu, aisafishe na kuitengeneza, na niiache kwake siku mbili. Duka moja rasmi, lenye kiyoyozi na tikiti za foleni, waliona kile kistika cha kuonyesha maji kilicho ndani ya tundu la laini kimegeuka chekundu, wakaniambia waranti imekufa. Watabadilisha bodi nzima kwa 13,000, na vilivyomo ndani nivisahau. Shemeji yangu naye ana simu ya mtumba kutoka Uingereza, 9,500, aniambia niache kujisumbua.

Yangu niliinunua 18,000 miaka miwili iliyopita. Lakini ndani mna daftari langu la madeni, nani kachukua mahamri ya shilingi ngapi tangu mfungo uishe, na oda za harusi mbili kwa sauti za WhatsApp. Nakala sikuweka popote. Mngekuwa nyinyi mngechagua ipi?

Kijana wa Tudor
Leo wadaiwa wako wote wako kwenye msala wanaomba hiyo simu isiwake 😂 Pole mama. Chukua ya shemeji, maisha yaendelee.

Binti Kizingo
Mchele wafanya kazi jamani. Mimi mwaka jana simu iliingia kwenye sufuria ya chai ya maziwa, nikaitia mcheleni, hadi leo yapiga. Labda siku mbili zilikuwa chache.

Fundi wa Mwembe Tayari
Binti, ya kwako iliponywa na kule kuzimwa mapema, mchele umepewa sifa za bure. Hata Apple kwenye ukurasa wao wa msaada wanakataza kuitia simu kwenye mchele, kwa sababu ya chembechembe za mchele zinazoweza kuiharibu. Na chai si bahari.

Mama, kabla hujatoa hata shilingi: hizo bei nne haziuzi kitu kimoja. Ya 800 wauziwa tundu. Ya 4,500 wauziwa uhai wa bodi. Ya 13,000 na ya shemeji wauziwa simu, na daftari limezikwa. Jiulize kwanza wataka simu au wataka madeni yako.

Nianze na chumvi, maana ndiyo yatutesa sisi wa Pwani. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka chumvi hubaki pale pale juu ya bodi, na chumvi huvuta unyevu. Kwa hewa yetu hii haikauki kamwe, kila usiku yarudi majimaji. Betri nayo, hata simu ikiwa imezimwa, bado imeishika bodi, kwa hivyo umeme wapita kwenye hayo majimaji na kuila shaba kidogo kidogo. Ndiyo maana iliwaka kwanza, kisha ikafa. Ikifunguliwa utauona ukungu wa kijani. Mchele haufiki huko.

Usafishaji wenyewe nao una mambo. Wengi wetu mafundi twatumia petroli au thina. Hizo huondoa mafuta na gundi, chumvi haziigusi. Hata isopropili, ile spiriti kali ya mafundi, ya asilimia 99 haiyeyushi chumvi vizuri. Mimi hutoa betri, naiosha bodi kwa maji ya betri ya gari, yale yaliyotoneshwa yanayouzwa petroli stesheni (asidi usiikaribie, kuna mtu aliwahi kuniletea bodi aliyoiosha kwa asidi, tukaangaliana tu). Nasugua kwa mswaki laini, kisha isopropili ifukuze maji, kisha joto dogo la hita. Spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, ina maji ndani yake. Iache kwa vidonda.

Fundi yeyote mwambie apime kwanza. Kuna kidude cha USB cha kusoma ampea, hukaa kati ya chaja na waya. Kikisoma 0.00, moto hauingii kabisa, angalia waya, tundu na njia yake. Kikinyanyuka kidogo, kama 0.05, na kuganda hapo, tundu lapitisha lakini bodi au betri haipokei. Kikiruka juu na bodi ikawa moto mahali pamoja, hiyo ni shoti, chomoa haraka. Na kuna jaribio moja waweza kulifanya mwenyewe, mara moja tu: geuza kichwa cha waya. Tundu la Taipu C lina pini ya utambuzi kila upande, upande mmoja ukiliwa na kutu simu huenda ikakubali ukigeuza. Ikiwa mgongo wa simu umeinuka hata kidogo, betri imevimba, usijaribu chochote.

Mzee wa Tuktuk
Mimi ndiye wa 800. Nilibadilishiwa chaji sistimu mara tatu ndani ya miezi minne, Kongowea. Kila mara yachaji wiki mbili tatu, kisha yagoma. 2,400 zimekwenda. Wa nne ndiye aliyeifungua vizuri akakuta ule utepe unaounganisha ubao wa chini na bodi umeoza mdomo. Utepe wenyewe 350. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyepima.

Nyali Boy
Yangu imeandikwa IP68, kile kipimo cha kuzuia maji, naogelea nayo. Nunueni simu za maana.

Fundi wa Mwembe Tayari
Kipimo hicho hufanywa kwa maji matamu yaliyotulia, na simu ikiwa mpya. Mpira na gundi huchoka. Ikishafunguliwa mara moja kubadilishwa kioo, usiihesabie tena. Ogelea bwanangu, kibanda changu wajua kilipo.

Mama Mahamri, Majengo
Nimegeuza waya, kimya. Mgongo hauna uvimbe. Shemeji asema fundi aweza kutoa memori na kuitia kwenye simu yake. Kweli?

Fundi wa Mwembe Tayari
Si kweli, na hapo usimwachie mtu akuchomee hela. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 ya mwaka 2019 kuja huku hufunga vilivyomo kwa fumbo, na ufunguo umefungamana na prosesa ya bodi ile ile. Memori ikihamishiwa bodi nyingine ni kokoto. Ndiyo maana lile duka rasmi walikwambia usahau. Hawakukudanganya.

Lakini kuna njia ya tano ambayo hakuna aliyekutajia, maana haina faida kubwa. Mlipe fundi saa moja ya kazi. Afungue, aoshe, kisha atie betri iliyochajiwa nje, au aishike bodi kwa pawa saplai, ile mashine ya mezani ya kutoa umeme badala ya betri. Tundu halihitajiki hapo. Simu ikiwaka, wewe uko mbele yake, watia nenosiri mwenyewe, watoa nakala. Ukishapata daftari lako, ndipo mzungumze habari ya kutengeneza, na wewe huna haraka tena. Mimi kazi hiyo hufanya kwa 1,000. Laini itoe sasa hivi uitie kwenye kabambe, kile kisimu cha vitufe, M-Pesa isilale.

Mwalimu Bamburi
Nitawatetea kidogo wa duka rasmi. Kioo changu nilibadilisha huko, bei ilinikata maini, lakini ni kioo halisi, na risiti ninayo. Kile cha kopi nilichowahi kuwekewa mjini kilikuwa kinene, rangi zimepauka, betri haifiki jioni. Kwa kioo na betri nitarudi kwao. Kwa maji, hapana, wao hawatengenezi bodi, hubadilisha tu.

Mama Mahamri, Majengo (Alhamisi)
Nimerudi. Nilikwenda kwa yule wa ghorofani nikamwambia nataka njia ya tano. Alinitazama kama nimemtukania kazi, kisha akakubali kwa 1,200. Kufungua, kijani kimejaa kwenye ule ubao mdogo wa chini wenye tundu. Bodi kubwa ilikuwa na weupe wa chumvi pembeni tu. Ameosha mbele yangu, nikamuuliza habari ya maji ya betri, akacheka, anayo chupa chini ya meza. Akatia betri nyingine, ikawaka. Wallahi mikono ilinitetemeka. Nakala ya WhatsApp ilichukua karibu saa nzima kwa sababu ya video za harusi, na madeni nikayapiga picha kwa simu ya binti yake.

Kisha akapima: ubao wa zamani 0.00, akachomeka mpya, 1.3. Ubao 700. Jumla 1,900. Kwa hivyo yule wa mtaani alipatia kifaa, ila angenifungia na chumvi yangu ndani.

Sasa nina tatizo jingine. Yachaji vizuri, lakini nikipiga watu waniambia nasikika kama niko kisimani. Na Kijana wa Tudor, nimekuona kwenye orodha. Mahamri 12 na mbaazi.

Kijana wa Tudor
Mama, naingia kwenye lifti, mtandao utakatika.

Fundi wa Mwembe Tayari
Maikrofoni ya chini iko kwenye ubao huo huo, mama, na kwenye ubao wa kopi ndiyo huwa kitu cha kwanza kubaniwa bei. Chaji pia huenda isiwe ya kasi kama zamani. Mwulize kama ana ubao uliotolewa kwenye simu kama yako iliyovunjika kioo, huo ni wa kiwandani na bei haipishani sana. Kama hana, ule wako wa zamani usiutupe. Tundu limeliwa, lakini maikrofoni yake iko upande wa pili na huenda ni nzima. Mwenye mikroskopu ataihamisha kwa dakika 20.