Ushauri: Ukurasa wa Mzee Kinyala Lauwo unatugawanya kwenye jarida letu la Mlima Kilimanjaro

MwanaKibo (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Tuko kikundi cha vijana na wastaafu wachache hapa Moshi, tunatoa kijarida cha kujitolea kuhusu wapanda mlima wa zamani: waongozaji, wapishi, wagumu (wapagazi). Halipwi mtu. Pesa ya kuchapa tunachanga, nakala tunagawa mashuleni na kwa wagumu pale geti la Marangu.

Toleo lijalo ni la Mzee Yohani Kinyala Lauwo, na hapo ndipo kikao kilipovunjika. Kundi moja linataka jalada liseme ndiye Mwafrika wa kwanza kufika kileleni, tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller. Ndivyo tulivyosimuliwa tangu utotoni, na kwenye maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989 mzee alienziwa akiwa hai. Kundi la pili linasema Meyer mwenyewe aliandika kwamba kileleni walifika wawili tu, na anayemtaja kwa jina kwenye kambi ya juu ni Mwini Amani wa Pangani.

Kama hiyo haitoshi, wazee wawili wamekuja kila mmoja na jina la babu yake, naye aingie. Na kuna kampuni ya utalii iko tayari kulipia uchapaji wote kwa sharti jalada libaki "Mwafrika wa kwanza". Tufanyeje?

Mrombo Asili
Pesa ya kampuni irudi kwanza, halafu tuongee.

Msomaji wa Kale
Mnachanganya maswali mawili, mkuu. Kuuongoza msafara ni jambo moja, kukanyaga kilele ni jingine.

Meyer alijaribu 1887 akashindwa. 1888 akarudi na Oscar Baumann, wakatekwa wakati wa vita vya Abushiri vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, hadi wakakombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 alikuja na mpango tofauti: kambi za ngazi kwa ngazi, na wapagazi wa kupandisha chakula kutoka Marangu kwa zamu, ili asilazimike kuteremka kila akiishiwa. Tarehe 3 Oktoba wakafika ukingo wa kasoko, jua limeshakwenda, wakarudi kambini. Siku tatu baadaye wakamaliza kazi. Sasa jiulizeni hiyo kambi ya juu ilikuwa na nani usiku na mchana, kwenye baridi ile. Ni Mwini Amani, mtu wa pwani! Mimi ningempa kurasa mbili nzima, maana hata Pangani kwenyewe sijasikia akitajwa.

Lauwo naye ana nafasi yake bila kulazimisha kilele. Simulizi la Marangu linasema alitolewa kwa Mangi (chifu) Marealle kwenda kuonyesha njia ya msituni. Hilo peke yake linatosha kumweka jaladani.

Mama Mwika
Msomaji wa Kale, nakuheshimu, ila unaiamini mno karatasi ya Mjerumani. Mtu aliyefika juu akakibatiza kilele jina la Kaisari wake, unategemea amwandike mbeba mzigo kuwa walikuwa sawa? Hata vibanda vya njiani vya kulala wapandaji viliitwa Bismarck na Peters mpaka vikaja kuwa Mandara na Horombo. Gilman's Point na Stella Point, pale ukingoni mwa kasoko, bado zipo, na hakuna anayeuliza wale waliobeba mizigo ya hao wageni. Simulizi la wazee ni ushahidi pia. Lipimwe, lisidharauliwe.

Msomaji wa Kale
Sijalidharau, mama. Nasema liandikwe kama simulizi, na msimuliaji atajwe.

Nyaga Nanyuki
Salamu kutoka upande wa Mlima Kenya. Sisi tuna Kisoi Munyao, aliyepeleka bendera kilele cha Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963. Huyo hana ubishi, na bado alifariki 2007 akiwa maskini, watu wakaanza kumsifu baadaye. Nyinyi mna Alexander Nyirenda aliyepandisha mwenge wa uhuru Kilimanjaro 1961. Ushauri wangu: msimalize kurasa zote kwa 1889. Kuna wagumu waliopanda miaka ya sabini wako hai na wanaweza kuongea. Wafuateni na kinasa sauti mapema.

Wakili wa Kijiweni
Mmekatia leseni? Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inagusa machapisho ya kuchapwa, na kujitolea si kinga. Pitieni Idara ya Habari MAELEZO muulize kijarida chenu kinaangukia wapi. Na wale wazee wawili, warekodini, wasaini kwamba wameridhia.

MwanaKibo
Asanteni sana. Tumekaa jana. Jalada: "Kinyala Lauwo na msafara wa 1889". Ndani, maandishi ya Meyer upande mmoja na simulizi la Marangu upande wa pili, Mwini Amani ana kurasa zake. Wazee wawili wamepewa safu ya "Wazee wanasimulia", mmoja amekubali, mwingine amenuna. Kampuni imejitoa, kwa hiyo tunapunguza kurasa za rangi. Shida iliyobaki: nani anasoma Kijerumani cha zamani? Tafsiri ya mtandaoni inatuchekesha tu.

Mama Mwika
Shangazi yangu alisomeshwa na masista wa Kijerumani. Ni mkali, lakini anasoma. Njoo inboksi.