Kliniki "subiri ataongea tu", shule "mlikuwa wapi siku zote?" Sasa tumsikilize nani?

Wakuu habari za jioni. Uzi huu una hasira, asiyependa kelele apite tu.

Nina mtoto wa kiume, miaka mitano na nusu, ana usonji (autism). Hilo jina la usonji tumepewa mwaka jana tu, wakati tangu ana mwaka na nusu nilikuwa nasema huyu mtoto ukimwita hageuki, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, anatembelea vidole vya miguu, na yale maneno mawili matatu aliyokuwa nayo yamepotea. Nimeyasema kliniki kwa mdomo wangu. Jibu ni lile lile, mama wa kiume huwa wanachelewa, mpunguzie katuni, ataongea tu. Nyumbani nako mama mkwe anasema akatwe kimeo, jirani anasema kafungwa ulimi. Hao siwalaumu, hawajasomea. Nesi kasomea.

Kwa wasiojua kliniki ya watoto ilivyo: unawahi foleni asubuhi, mtoto anavuliwa, anavalishwa kile kikaptula anatundikwa kwenye mzani analia mpaka anakauka, nesi anasoma kilo, anaweka nukta kwenye kadi, nukta ikidondokea kwenye kijani basi wewe mama hongera, haya mwingine. Mwezi wa 18 mnarudi kwa chanjo ya pili ya surua. Sasa sikilizeni hapa. Marekani madaktari wa watoto wanashauri kila mtoto achunguzwe usonji akiwa na miezi 18 na tena akiwa na miezi 24, na dodoso linalotumika sana lina maswali 20, ya ndiyo na hapana, mama anajibu mwenyewe akiwa amekaa kwenye benchi anasubiri. Halihitaji mashine wala umeme. Yaani mtoto mmemshika mkononi kabisa, kavuliwa nguo, kadi iko wazi mezani, umri ndio wenyewe, na hakuna anayemuuliza mama yake kitu zaidi ya "kala leo?"

Na msiniambie nchi haina mipango. Mipango tunayo mpaka ya kugawia majirani. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, hii PJT-MMMAM, ya 2021/22 mpaka 2025/26, inahusu watoto wa miaka 0 mpaka 8. Afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, vyote vimepangwa vizuri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Mimi nimezisoma zote usiku mtoto akiwa halali (na wenye watoto kama wangu mnajua halali nina maana gani). Ila kwenye ile foleni ya mzani hakuna hata moja iliyofika.

Mama mmoja tunayekutana naye kwenye mazoezi, mwanae aligundulika hasikii akiwa na miaka minne. Minne! Miaka yote hiyo alikuwa anaitwa mtukutu, anachapwa kwa kutosikiliza, mtoto hasikii anachapwa kwa kutosikiliza jamani. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, nchi yetu wenyewe, sifa kubwa kabisa na wanastahili, lakini kile kifaa mtoto aliyezaliwa hasikii anatakiwa akipate mapema ubongo ukiwa bado unajifunza sauti. Kumpima masikio ni kwa bahati, labda mama awe mbishi na awe na nauli.

Haya tukaja shule. Nimeenda shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu, siitaji. Mwalimu mkuu hata kiti hajanipa, ananiuliza "mama huyu mlikuwa wapi naye siku zote, hawa huwa wanaanziwa mapema". Nilikosa la kusema aisee, nilitamani nimtolee ile kadi yenye nukta za kijani. Halafu huyo huyo anaendelea, mlete akifikisha miaka saba na awe anajua kwenda chooni mwenyewe. Sasa mwalimu, kumfundisha choo ndiyo mojawapo ya kazi niliyomletea! Na hizo habari za kuanzishwa mapema na za kusubiri miaka saba zinakaaje kwenye sentensi moja?

Yule mwalimu wa kitengo mwenyewe simsemi vibaya, kasomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi kule Arusha na unaona kabisa anajua. Kamshika mwanangu mabega kwa nguvu kidogo, mtoto akatulia, akaniambia mama huyu anapenda kubanwa, mshonee mfuko wa mchanga uwe unamwekea mapajani akikaa. Dakika mbili tu, na ule mfuko nimeushona na unafanya kazi. Lakini yuko peke yake kwenye chumba kimoja na watoto wa kila aina, wenye mtindio wa ubongo, wenye Down syndrome, wenye usonji, mkubwa ana ndevu mdogo ana miaka saba, na mmoja akikimbilia getini inabidi awaache wote amfuate.

Kwa hiyo nalipa binafsi. Elfu 40 kwa dakika 45 za mazoezi ya kuongea, na ya tiba kwa vitendo (occupational therapy, ile ya kumzoesha mtoto shughuli za kila siku) kando. Wataalamu wa hiyo tiba kwa vitendo wanasomeshwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, ila ukitaka kumuona wa serikali uende hospitali kubwa upange foleni ya tarehe za mbali. Kituo cha afya cha kata yetu nikiuliza wananiangalia kama nimeuliza rubani. Bima tulikuwa tunajivunia Toto Afya Kadi ya 50,400, 2023 NHIF wakasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja, wakasema asajiliwe kupitia shule. Shule ipi? Ile iliyosema nisubiri miaka saba?

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba lawama zote zinaishia kwa mama. Baba yake ndugu zake wanasema nilizubaa. Shule wanasema nilizubaa. Daktari aliyetupa majibu naye akaanza na "mmechelewa kidogo". Nani kachelewa hapo, mimi niliyekuwa nasema tangu mwaka na nusu?

Wa wizara ya afya mliomo humu, najua mpo, chapisheni yale maswali 20 kwa Kiswahili, bandikeni nyuma ya kadi, nesi aambiwe majibu yenye dalili yakifika idadi fulani aandike rufaa. Gharama yake ni karatasi na wino.

Mwenye kujua kitengo cha serikali Ilala au Temeke kinachopokea chini ya miaka sita na hakijali mambo ya choo aniandikie hapa hapa ili na wengine waone. Wauza dawa na wa maombi ya kufungua ulimi msije PM, nitawaweka hadharani.